Mwaka Unaotembea: Historia ya Karamu ya Makunduchi

Mtoto aliyezaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja, mwaka 1945 alipokelewa duniani wakati sikukuu kubwa ya kwao ikiangukia mwanzoni mwa Agosti. Leo ni mzee wa miaka themanini hivi, na kwa hesabu ileile, isiyoguswa na mtu, sikukuu hiyo imerudi nyuma hadi katikati ya Julai. Wajukuu wa wajukuu zake wataisherehekea mwezi Juni.

Sikukuu yenyewe ni Mwaka, au Mwaka Kogwa kama wengi wanavyoifahamu, au Nairuzi kwa jina la vitabuni. Watu huoga baharini, hukutana katika uwanja wa Kae Kuu, hupigana kwa mapande ya migomba, huchoma kibanda cha makuti, huimba, kisha hula na kula tena. Kwa desturi shamrashamra huchukua siku nne. Magazeti hupenda zaidi picha za mapigano na moto. Lakini anayetaka kujua kwa nini sikukuu hii imedumu wakati nyingi za aina yake zimezimika pwani nzima, itambidi aanze kwenye meza ya wanajimu wa Uajemi na kumalizia jikoni.

Hesabu ya wafalme, hesabu ya manahodha

Mwaka 632, mwaka uleule aliofariki Mtume Muhammad (S.A.W.), kijana aitwaye Yazdegerd wa Tatu alitawazwa kuwa mfalme wa Uajemi. Alikuwa wa mwisho katika ukoo wa Wasasani. Majeshi ya Waislamu yaliiangusha dola yake, na mwaka 651 akauawa karibu na mji wa Merv. Ufalme ukaisha, kalenda yake ikabaki.

Ilikuwa kalenda nyepesi kuliko zote. Miezi 12 ya siku 30, jumla siku 360, kisha siku 5 za nyongeza. Siku 365 kamili, bila mwaka mrefu wa siku 366. Wepesi huo una gharama yake: jua halimalizi mzunguko kwa siku 365 hasa, linahitaji robo ya siku zaidi. Robo hiyo ikiachwa, kila baada ya miaka minne sikukuu hurudi nyuma siku moja kwenye majira. Ili izunguke misimu yote na kurudi pale ilipoanzia, hupita takribani miaka 1,500.

Waajemi wenyewe walichoka na mwendo huo. Mwaka 1079, wakati wa Sultani Malik Shah wa Waseljuki, wanajimu, akiwemo mshairi na mwanahisabati Omar Khayyam, waliitengeneza kalenda upya na kuifunga Nairuzi kwenye siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana. Ndiyo maana Irani husherehekea Nairuzi yake mwezi Machi hadi leo. Makunduchi husherehekea Julai kwa sababu habari za marekebisho hayo hazikuwahusu watu wa baharini. Wao walikuwa wameshaizoea hesabu ya kale na walikuwa na kazi nayo.

Kazi hiyo inaonekana wazi katika maandishi ya Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Julfar katika Ghuba, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15. Anapoeleza lini jahazi litoke bandari fulani ili liuwahi upepo, hatumii Rajabu wala Shaabani. Hutaja siku ya ngapi ya Nairuzi. Mwezi mwandamo una siku 354 kwa mwaka, na baada ya miaka michache Rajabu ya kaskazi imekuwa Rajabu ya kusi. Nahodha akiutegemea atakuta bahari imefungwa. Nairuzi nayo husogea, lakini siku moja kwa miaka minne ni kosa ambalo mtu hulirekebisha mara chache tu katika umri wake wote baharini. Enzi za Ibn Majid mwaka mpya huo ulianza Novemba, majahazi ya Arabuni na India yakijiandaa kushuka na kaskazi kuja pwani yetu.

Waswahili waliichukua hesabu hiyo na kuigawa kwa njia inayokaa kichwani bila karatasi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kufungia mwaka. Mwongo ulikuwa saa ya mkulima na ya nahodha. Chukua masika, tuseme katikati ya Machi. Katika miaka ya 1850, Mwaka ulipokuwa ukiangukia mwishoni mwa Agosti, mvua hizo zilitarajiwa mwongo wa 21. Leo zingetarajiwa mwongo wa 25. Ndani ya umri wa mtu mmoja tofauti hiyo ni siku ishirini hivi, na wazee walizisawazisha taratibu kwa kutazama nyota, upepo na mbegu zilizokwisha kuota.

Kwa hiyo kwa karne nyingi mtu wa pwani aliishi na hesabu mbili kwa pamoja. Mwezi ulimwambia lini afunge, lini asali Idi, lini asome Maulidi. Miongo ilimwambia lini achome msitu, lini apande mtama, lini avushe jahazi. Hakuona ugomvi kati ya hizo mbili. Hata huko India, kundi la Waparsi waitwao Kadmi bado linahesabu siku 365 bila nyongeza, na mwaka wao mpya huwa Julai vilevile.

Nani aliileta

Kilomita chache kutoka Makunduchi, huko Kizimkazi Dimbani, upo msikiti ambao kibla yake ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Watu wa kusini hujiita Washirazi, na masimulizi ya Kilwa yanataja mwana wa mfalme aliyetoka Shirazi na merikebu zake, kila moja ikatia nanga mahali pake na kuanzisha mji.

Wanahistoria walibishana sana juu ya masimulizi hayo. Wapo walioyaamini neno kwa neno, na wapo walioona kwamba Ushirazi ni cheo tu, njia ya wenyeji kudai ukubwa na ukongwe mbele ya wageni waliokuja baadaye. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani, kutoka Manda na Mtwapa hadi Kilwa na Songo Mnara. Ulionyesha kwamba wazee wa kike wa watu hao walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa mno, na kwamba kati ya wazee wa kiume walikuwemo wengi kutoka Asia, hasa Uajemi, waliochanganyika na wenyeji tangu yapata mwaka 1000. Masimulizi yalikuwa na chembe ya ukweli, ila yaliwasahau akina mama.

Na akina mama ndio waliokuwa na jiko. Hesabu ya siku ilikuja na upepo. Mtama uliopikwa siku hiyo, mizimu iliyoombwa, nyimbo na vyungu vilikuwa vya hapa hapa. Anayeitazama sikukuu ya Makunduchi akaita ni ya Kiajemi ameona tarehe tu.

Siku ya Mwaka kama alivyoiona Steere

Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alifika Unguja Agosti 1864 na baadaye akawa askofu. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha kujifunzia Kiswahili cha Unguja, na ndani ya msamiati wake, penye maelezo ya mwaka, akaweka habari fupi ambayo ina thamani kuliko sura nzima za wasafiri wengine.

Anaeleza kwamba siku hiyo watu wote, wanawake hasa, huoga baharini. Baadaye hupikwa chungu kikubwa cha nafaka na kunde zilizochanganywa, na adhuhuri huliwa na yeyote anayependa kuja. Mioto yote huzimwa, kisha huwashwa upya kwa kupekecha vijiti viwili. Anaongeza kwamba zamani hakuna aliyeulizwa kwa damu iliyomwagika siku hiyo, na kwamba ugomvi wa mwaka mzima ulikuwa ukimalizwa kwa mapigano.

Mambo manne, basi: maji, moto, fimbo na chungu. Kila moja lina kazi ya kufunga hesabu za mwaka. Maji huondoa uchafu wa mwaka uliokwisha. Moto wa zamani, uliokaa mafigani miezi kumi na miwili ukirithishwa kwa kijinga cha kuni kutoka nyumba hadi nyumba, hufa, na kila jiko huanza na moto mpya. Fimbo humaliza deni la hasira. Chungu huwaleta pamoja waliopigana asubuhi wakae chini mchana, kwa sababu chakula hicho hakikuwa na mwaliko wala mlango.

Unguja haikuwa peke yake. Huko Mombasa na Lamu, ng'ombe alizungushwa mji mzima huku Kurani ikisomwa, ili mabaya yasipate pa kuingilia, kisha akachinjwa na nyama ikagawiwa. Pemba nako watu waliuoga mwaka. Kila mji ulikuwa na namna yake, na kila namna ilimalizikia kwenye kula kwa pamoja.

Ni vizuri kuuelewa mseto huo wa Steere, maana unasema kitu juu ya ardhi. Kusini na mashariki ya Unguja ni nchi ya maweni. Udongo umekaa ndani ya mashimo ya mawe ya matumbawe, kiganja hapa, kiganja pale. Jembe la kukokotwa halina pa kupita. Mkulima wa Makunduchi alichoma vichaka, akapanda mtama, uwele, kunde, mbaazi na choroko kwenye vishimo hivyo, akaongeza muhogo na pilipili, kisha akashuka pwani kutafuta kitoweo. Magharibi ya kisiwa, kwenye udongo mzito, tangu karne ya 19 mashamba yalijaa mikarafuu ya matajiri wa Kiarabu, na Wahadimu, wenyeji wa kusini, wakabaki na mawe yao chini ya mtawala wao wa jadi, Mwinyi Mkuu, aliyekaa Dunga. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873, na mamlaka ya jadi yakaishia hapo.

Mchele ulikuwa chakula cha wenye nacho. Kuchanganya nafaka na kunde katika chungu kimoja ilikuwa busara ya nchi ya mawe: kila kaya ilileta kiganja cha ilichovuna, na aliyekosa mtama alileta choroko. Aliyekosa vyote alileta kuni. Chakula cha namna hiyo hakimwaibishi mtu, kwa sababu kikishaiva hakuna anayejua kunde hii ilitoka kwa nani.

Uwanja wa Kae Kuu

Yale mambo manne ya Steere, Makunduchi imeyahifadhi yote, ingawa yamebadilika sura.

Mwaka hutanguliwa na dua na kisomo cha Kurani. Watu huoga baharini, na nyumba husafishwa. Kisha umati huelekea Kae Kuu. Wanaume hujigawa pande mbili, wa kusini na wa kaskazini ya mji, na kuanza kutandikana kwa mapande ya migomba. Hupigana kwelikweli, mwenye kinyongo na jirani humtafuta humohumo ndani ya vumbi. Wazee husimulia kwamba zamani zilikuwa fimbo. Pande la mgomba lina maji ndani yake na hupasuka kabla ya mfupa, na bila shaka hiyo ni sababu mojawapo ya sikukuu kuishi hadi zama za polisi na mahakama. Mapigano yakikoma, hakuna anayeruhusiwa kuondoka na neno moyoni.

Wanawake, wakiwa na kanga mpya na manukato, huuzunguka uwanja wakiimba. Nyimbo zao ni za mafumbo na kejeli. Wanaume hukejeliwa, mapenzi hutajwa bila pazia, na jambo ambalo mwaka mzima lilisemwa kwa kunong'ona sebuleni hutoka hadharani kwa sauti na vigelegele. Siku nyingine lingeitwa utovu wa adabu. Siku ya Mwaka ni haki yao.

Halafu huja kibanda. Ni kidogo, cha makuti, kimejengwa kwa siku hiyo tu. Mzee wa mila huingia ndani, watu hukitia moto, naye hutoka upande wa pili kabla ndimi za moto hazijamfikia. Umati hukirushia mawe na madongo, na macho yote huufuata moshi. Uelekeo wake hutafsiriwa kuwa dalili ya mwaka unaokuja. Ukilinganisha na Steere utaona kwamba moto wa jikoni umetoka nje ukawa moto wa uwanjani. Siku hizi kila nyumba ina kiberiti, na wengi wana gesi, hakuna anayepekecha. Lakini wazo la kwamba mwaka hauwezi kuanza bila kitu kuungua limebaki.

Sahani ya Mwaka

Baada ya moto watu hutawanyika majumbani, na hapo ndipo sikukuu hasa inapoanza. Sheria ya mila ni moja tu na haina msamaha: nyumba isikose mgeni. Kaya isiyo na mgeni siku ya Mwaka inahesabiwa kuwa na nuksi, na mwenyeji huweza kutoka barabarani kumtafuta mtu asiyemjua amvute kwa mkono hadi kwenye mkeka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na Makunduchi wamelichukua kama agizo la kutekelezwa.

Kwa hiyo jiko huanza usiku uliotangulia. Mchele wa mikate ya kumimina huroweshwa, husagwa pamoja na nazi, hutiwa hamira, sukari na iliki, na kuachwa uumuke. Ukishaumuka humiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, makaa yakawekwa chini na juu ya kifuniko, hadi uso uwe wa kahawia na ndani kuwe na vitundu kama sega la asali. Pembeni kuna mikate ya ufuta, vitumbua, na visheti vilivyogandiwa na sukari.

Sauti ya alfajiri ni ya mbuzi za kukunia nazi. Karibu kila kitu kitapita kwenye tui: wali, kunde, muhogo, samaki. Tui la kwanza, zito, hukamuliwa na kuwekwa kando ili litiwe mwisho. Tui jepesi la pili na la tatu ndilo linalopikia. Mpishi asiyejua kulitenga atapata wali wa mafuta juu na maji chini, na siku ya Mwaka hakuna pa kuuficha.

Pweza ni fahari ya mashariki yote ya kisiwa. Wanawake humtafuta kwenye miamba kwa mchokoo, maji ya bamvua yanapokauka na kuacha mwamba wazi. Hupigwa juu ya jiwe mpaka alegee, huchemshwa bila maji mengi kwa kuwa hutoa yake mwenyewe, hukatwa vipande, kisha hurudishwa motoni na kitunguu, pilipili mbichi, ndimu na lile tui zito. Na hapa zile hesabu mbili za wazee hukutana chunguni. Bamvua hufuata mwezi. Mwaka hufuata jua. Mwaka mwingine sikukuu huangukia maji makubwa na kila nyumba ina pweza. Mwaka mwingine huangukia maji mafu, na kusi la Julai likiwa kali nje ya mwamba, ngalawa hazifiki mbali. Mwaka huo mchuzi utakuwa wa kuku au ng'ombe, na muhogo wa nazi utaliwa kwa papa mkavu. Hakuna sahani moja ya lazima. Bahari na mfuko wa mwenye nyumba ndivyo vinavyoamua.

Msimu nao umekuwa na sauti yake. Mwaka wa enzi za Steere ulikuja mwishoni mwa Agosti, kusi likilegea na demani ikikaribia. Mwaka wa leo huja mapema zaidi, wakati ambapo mpunga na kunde za masika zimeshaingia ndani. Ule wa enzi za Ibn Majid ulikuja mvua za vuli zikinyesha. Sikukuu ileile, kwa kutembea kwake, imekuta maghala tofauti katika kila zama.

Pilau na biriani, vyakula vya mjini, vimeingia polepole pamoja na barabara na mishahara. Mseto wa nafaka na kunde umesogea pembeni ya sinia, ingawa choroko na kunde za nazi hazijaondoka. Namna ya kula ndiyo haijabadilika. Sinia moja, watu watano au sita kulizunguka, mikono ikinawishwa kwa birika, vipande vizuri vya nyama vikisukumwa upande wa mgeni bila kutajwa. Ukitoka nyumba hii umeshiba, nyumba ya pili haitaki kusikia kwamba umeshiba.

Baada ya Sultani

Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890. Maofisa wao waliitazama sikukuu ya kusini kwa udadisi zaidi kuliko kwa hofu. W. H. Ingrams, aliyetumikia Zanzibar tangu 1919, aliiandika katika kitabu chake cha 1931 juu ya historia na watu wa visiwa hivi. Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, alichapisha mwaka 1955 makala nzima kuhusu Nairuzi katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wakati huo katika miji mingi ya pwani sikukuu ilikuwa imeshafifia. Meli za mvuke hazikuuliza miongo. Serikali, shule na mahakama zilitumia kalenda ya Kizungu. Wanazuoni wengi nao hawakuipenda. Kwao Mwislamu ana Idi mbili, na mambo ya moshi na mizimu ni ya kuachwa.

Kazi ya hesabu ilipokwisha, miji iliyokuwa imeishika sikukuu kwa ajili ya hesabu iliiacha. Makunduchi iliishika kwa ajili ya watu. Wengi wa vijana wake walikuwa tayari wameenda mjini kutafuta kazi, wengine wakichuma karafuu kwa ujira katika mashamba ya watu, na baadaye wengi walivuka kwenda Dar es Salaam. Siku ya kurudi kwao ilihitajika, na Mwaka ukawa siku hiyo. Kinyongo cha kugombea mpaka wa kiambo, posa iliyovunjika, mahari isiyomalizika, vyote vilisubiri Julai, wahusika wote wakiwa nyumbani.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliiondoa serikali ya Sultani na kuwagawia wananchi mashamba. Makunduchi ilipata majengo ya ghorofa, ya aina ile iliyojengwa katika sehemu kadhaa za visiwa ili kumpa mwanakijiji maisha ya kisasa. Familia zikahamia juu, lakini chungu cha watu hamsini hakipikiki ghorofani. Karamu ya Mwaka ilibaki kuwa kazi ya uani, mafiga matatu chini ya mwembe, mwiko mrefu kama kasia.

Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 walikuja watu wa aina nyingine. Hoteli zilijengwa Paje, Jambiani na Kizimkazi, na vitabu vya watalii vikaandika Mwaka Kogwa kuwa jambo la kutokosa. Kilimo cha mwani wa kuuza, kilichoanza pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, kiliwapa wanawake fedha zao wenyewe, na kanga na mchele wa Mwaka vikaanza kununuliwa kwa fedha hizo. Viongozi wa serikali huhudhuria na hotuba hutolewa. Kandokando ya uwanja wachuuzi huuza urojo, mishikaki, juisi ya miwa na vinyago. Jirani kule Kizimkazi limeanzishwa tamasha jipya la Agosti, lenye maonyesho na miradi ya maendeleo, likipata nguvu zaidi tangu Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa eneo hilo na aliyekuwa mbunge wa Makunduchi, alipokuwa Rais mwaka 2021.

Wapo wanaolalamika kwamba mapigano yamekuwa maigizo ya kamera. Lawama hiyo ina haki kidogo, lakini inasahau historia. Mapigano yalishabadilika fimbo zilipogeuka migomba. Moto ulishabadilika ulipotoka jikoni kwenda uwanjani. Tarehe haijawahi kutulia hata mara moja. Katika yale manne aliyoyaorodhesha Steere, lililobadilika kidogo kuliko yote ni lile la chungu: kuna chakula, na aje anayependa. Hilo ndilo la kulinda. Siku ambayo wageni wa Makunduchi watakaa kwenye viti vya kukodi nyuma ya kamba, wakala chakula cha kununua na kurudi hotelini bila kuingia nyumba ya mtu, Mwaka utakuwa umekwisha hata kama kibanda kitachomwa kwa ustadi mkubwa.

Kwa sasa haujafika huko. Anayetaka kwenda anahitaji kuvaa kwa heshima, kuchukua sukari au mchele kidogo kama mtu aendaye kwa jamaa, na kukubali mkono wa kwanza utakaomvuta kuelekea uani. Asiogope kwamba hajui mila. Mila inamtaka yeye, mgeni, kuliko inavyomtaka mjuzi. Na akipata nafasi, awaulize wazee juu ya miongo, ni wa ngapi sasa na mvua zinatarajiwa lini, kwa sababu wanaoweza kuhesabu hadi 36 bila kutazama ukutani wanapungua, na hesabu hii imebakiza karne moja na kitu tu, karibu na mwaka 2140, irudi katika ile siku ya Juni ilipoanzia enzi za Yazdegerd.